Vidude vya kukatia na kumenyea matunda: vilivyobaki mezani na vilivyozikwa droo ya chini

Mama Kopo

Wakuu, habari za jioni.

Mie nauza matunda ya kopo. Nanasi, tikiti, papai, na embe likiwa msimu wake. Nakata vipande, naweka kwenye kopo la mfuniko na uma wa plastiki, saa nne asubuhi nazunguka maofisini. Nilianza na makopo 15. Sasa siku ikikubali nafika 60, na makopo 60 maana yake saa tisa usiku niko jikoni, mbele yangu nanasi sita, matikiti mawili na mapapai manne, kisu mkononi, usingizi machoni. Sasa mtu wa hivyo ukimwonyesha video ya kidude kinachomaliza nanasi kwa sekunde kumi, unategemea nini? Nimenunua. Vyote. Ile droo ya chini mume wangu anaiita makaburini.

Nashusha hesabu hapa, halafu mwishoni nina swali.

Nianze na chuma cha nanasi, kile cha stenlesi kilichojiviringa kama parafujo. Unakata kichwa cha nanasi, unakisimamisha katikati, unazungusha mpini. Mara ya kwanza nilifurahi hadi nikamwamsha mtoto aje aone: kinashuka taratibu, maji ya nanasi yanapanda juu, ukikaribia kitako unaacha kuzungusha unavuta. Hapo ndipo penye kazi. Kinang'ang'ania, maana hewa haina pa kuingilia chini. Umebana nanasi kwa magoti, unavuta, unavuta, halafu ghafla hicho, kimetoka, na nanasi zima limekuwa pete zilizoshikana kama springi, moyo wake umebaki umesimama peke yake ndani ya ganda. Ni kizuri, sitaki kukisingizia. Ila kina kipimo kimoja tu. Changu nimekipima kwa rula, sentimita 9. Nanasi la Kiwangwa lililoshiba ni nene kuliko hapo, kwa hiyo nyama yote ya pembeni inabaki kwenye ganda. Siku moja niliikwangua kwa kijiko ikajaa bakuli la uji. Mie bakuli hilo ni makopo mawili, ni hela. Na likija nanasi dogo, chuma kinakula hadi ganda, macho yote yanaingia kwenye pete. Ukiwa na wageni sebuleni, sawa. Kwa biashara, hapana.

Kigawa embe. Duara la plastiki, makali mawili yaliyopinda, katikati nafasi ya kokwa. Unakiweka juu ya embe unakandamiza. Aliyekibuni alikuwa na embe lake la mviringo kichwani, lenye kokwa la adabu. Dodo letu kokwa lake pana, makali yakaligonga yakakwama. Nikapanda juu ya stuli, nikaegemea na uzito wangu wote, na si haba. Embe likachomoka likaenda kugonga friji, mpini mmoja ukavunjika. Kimezikwa.

Kile cha tikiti chenye mapanga yanayozunguka kama feni, unakisukuma vinatoka vipande vya mraba: watoto walikigombania, nusu tikiti ikaisha kwa mchezo. Kwa kazi ni polepole kuliko kisu.

Kisu cha kijani cha parachichi chenye meno ya kutolea kokwa: parachichi letu likiiva kokwa linacheza ndani kama njuga. Unalitoa kwa kidole. Hicho hata sijui nilikuwa nawaza nini.

Vilivyobaki mezani: kimenyeo chenye umbo la Y, elfu tatu mia tano tu, kwa papai hakina mpinzani. Kisu kirefu, kisu kifupi, kijiko cha chuma cha kukwangulia mbegu. Basi.

Swali sasa. Wateja wanadai machungwa. Nilipokwenda Zanzibar niliona pale Darajani mashine ya mkono inamenya chungwa, ganda linatoka kama uzi. Ile ni kitu cha kweli, au nayo itaishia kwa wenzake kule chini?

Kisu Butu

Nimevuta kiti. Nasubiri picha ya embe lililogonga friji.

Bwana Mdogo

Watu mna hela. Kisu kimoja, kinatosha tunda lolote. Bibi yangu kamenya maembe ya ukoo mzima na kisu kilichobaki nusu.

Mama Kopo

Bwana Mdogo, bibi alimenya makopo 60 kabla ya alfajiri?

Bint Mkunazini

Mama Kopo, hiyo mashine ni kweli na wala si ngeni. Chungwa unalibana kwa miiba, kichwani na kitakoni. Unazungusha mkono wa chuma, chungwa linageuka, na kile kisu kidogo kinatembea juu ya ngozi kutoka mwanzo mpaka mwisho, ganda linadondoka refu jembamba kama utepe wa harusi. Muuzaji hodari hapa haangalii hata mikono yake, anakuuliza habari za nyumbani huku chungwa linavuliwa.

Lakini sikiza, mashine ile haimenyi chungwa kama wanavyomenya hotelini. Inaondoa ile ya kijani tu, nyeupe inabaki. Na ndivyo tunavyotaka. Chungwa la kufyonza ukilivua nyeupe yote linakupasukia mkononi, maji yanaingia kwenye mikono ya kanzu. Ila ile ya kijani lazima iondoke, kwa sababu ndani yake kuna mafuta, ndiyo yanayokuchoma midomo. Basi roho ya mashine ni ile springi inayokandamiza kisu. Ikikaza mno, kisu kinazama hadi majini. Ikilegea, kinaruka na kuacha mistari ya kijani. Ukienda kununua jaribu kwa chungwa lako mwenyewe, si la muuzaji.

Na wale wateja wako wa ofisini wasione kijani wakadhani bichi. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani vilevile, joto letu la usiku haliliachi kugeuka manjano kama ya nchi za baridi.

Mpishi wa Zamu

Nilipika hoteli miaka sita, Bwana Mdogo ana haki nusu. Tatizo la kisu si kisu, ni makali. Nyumba nyingi kisu kinanolewa Idi mpaka Idi. Kisu butu ndicho kinachokata vidole kwa sababu unakandamiza, kinateleza. (Kisu Butu sijakutaja wewe.)

Huna jiwe la kunolea? Geuza kikombe cha udongo au sahani nzito, kitakoni kuna ule mduara usiopakwa rangi, una ukwaru. Pitisha kisu pale kwa mlalo, upande huu mara kumi, upande huu mara kumi. Halafu kata nyanya iliyoiva bila kuikandamiza. Ikikatika, nenda kwenye embe.

Kuhusu nanasi, wengi wanamenya nene ili kuondoa macho, nusu ya utamu unaingia ndooni. Menya jembamba, macho yabaki. Sasa liangalie vizuri: yale macho hayakutawanyika ovyo, yamejipanga mistari ya mshazari inayozunguka nanasi. Chukua kisu kifupi, fuata mstari mmoja, kata upande huu ukiinamisha kisu, kata upande wa pili, unatoa mfereji mmoja wenye macho sita au saba kwa mkupuo. Zungusha, mstari unaofuata. Likiisha linakuwa kama limesukwa, na wateja wanapenda kulitazama. Ukizoea ni dakika mbili na nusu. Chuma chako kwa ile kazi ya kubana magoti hakinishindi.

Mama Kopo

Mpishi, hiyo ya mfereji nimejaribu sasa hivi, usiku huu huu. La kwanza lilitoka kama limeliwa na panya. La pili afadhali.

Mla Fenesi

Naona hakuna aliyemtaja mfalme. Fenesi halina mashine, na anayekuuzia mashine ya fenesi mkimbie. Linahitaji gazeti, panga na mafuta ya kula. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu KABLA, si baada. Utomvu ukishakamata sabuni haiutoi, unaweza kuosha mpaka kesho. Mke wangu aligoma kunipa kisu chake cha mboga tangu 2019.

Kaka wa Kongowea

Salamu kutoka Mombasa. Nyie mnaita pasheni, sisi hapa karakara, na nikifika Nairobi naambiwa "matunda" tu, kana kwamba mengine yote si matunda. Haya. Kwa hilo tunda msinunue chochote. Kata katikati, kijiko, tia kwenye blenda na maji kidogo, kisha uwashe na kuzima, uwashe na kuzima, mara tatu za kupepesa jicho. Nia ni kuachanisha nyama na mbegu, si kusaga mbegu. Ukiiacha iungurume dakika nzima mbegu zinavunjika, juisi inakuwa na vumbi jeusi na ladha ya ukakasi. Umeme ukiwa umekatika, tia kwenye chujio, sugua kwa mwiko. Unapata ileile.

Lakini kitu ninachotaka kuwaambia ni kikamulio cha ndimu, kile cha kubana kwa mkono kama koleo, chenye vitundu. Dada yangu alikuwa nacho miaka mitatu akilalamika kinamrushia maji usoni. Nilipomwangalia, kila siku anaweka nusu ya ndimu mgongo wake ukifuata umbo la bakuli, kama yai kwenye kikombe chake. Inaonekana sawa, lakini ni kinyume. Ule uso uliokatwa ndio unaotazama vitundu, chini. Unapobana, ndimu inageuzwa nje-ndani, maji yote yanashuka. Nilipomwonyesha alininunia siku mbili.

Bint Mkunazini

Kaka, mie umri huu wote nimeweka kama dada yako. Ngoja nikajaribu.

Bint Mkunazini

Nimerudi. Sina la kusema. Nimeihurumia miaka yangu.

Mpishi wa Zamu

Mkinunua hicho, jihadharini na kilichopakwa rangi ya kijani au njano ndani. Ndimu ni asidi, rangi ikianza kubanduka inaingia kwenye juisi. Na cha alumini kitupu kikilala na maji ya ndimu usiku mzima asubuhi kina madoa, kwa sababu asidi inakila. Suuza mara moja, kausha. Cha stenlesi bei yake juu kidogo lakini unakirithisha.

Fundi Mota

Mie fundi wa vifaa vya umeme, nimesoma uzi wote nasubiri mtu ataje blenda maana ndizo zinanilisha. Ngoja nikate chakula changu mwenyewe.

Blenda kumi zinazoletwa kwangu, mota iliyokufa kabisa ni chache. Nyingi ni kile kigia cha plastiki au mpira chini ya jagi, kinachoshikana na visu. Kinaliwa kwa sababu mtu ametia barafu na vipande vya embe lililogandishwa bila maji, visu vimekwama, mota inazunguka, kitu laini kati yao kinasagika. Utasikia mlio kama karanga zinakaangwa. Hicho kigia ni cha bei ndogo, usiuziwe blenda mpya. Ya pili ni jagi kuvuja. Fungua visu, kuna mpira wa mviringo, mara nyingi umeoshwa ukarudishwa umepinda au haukurudishwa kabisa, uko kwenye sinki. Ya tatu ni harufu ya kuungua: umeiwasha dakika tano mfululizo. Blenda ya nyumbani ni ya dakika moja, ipumzike, dakika nyingine. Haikuumbwa kusaga kisamvu cha msiba.

Anayeogopa umeme apige hesabu. Blenda ya wati 1000 ukiiwasha dakika moja kila asubuhi, mwezi mzima umekula nusu uniti. Pasi ndiyo inayokumaliza, si juisi.

Mama Kopo, kuhusu ya machungwa: nina rafiki mchomea vyuma, nikipata picha nzuri ya upande tunaweza kukuchongea.

Mama Kopo

Fundi umenipa raha. Picha natafuta. Na wewe unisaidie jingine: mteja mmoja aliniagiza juisi ya nanasi na maziwa. Nilisaga asubuhi, tamu. Saa tano anapiga simu eti nimemwekea dawa, ni chungu. Maziwa yalikuwa mazima, nanasi zima. Nini ile?

Fundi Mota

Hapo si mota, dada.

Mwalimu wa Maabara

Hapo ni mimi. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, lina kimeng'enya kinaitwa bromelini, kazi yake ni kuvunjavunja protini. Maziwa yana protini. Ukiyachanganya yakakaa, bromelini inazikatakata, na vile vipande vinavyotokea ndivyo vichungu. Ndiyo maana ukinywa palepale ni tamu, baada ya saa mbili ni shubiri. Ni huyohuyo anayekufanya ulimi uwake ukila nanasi jingi. Wanafunzi wangu nawaonyesha kwa jeli: ya nanasi bichi haigandi hata uiweke kwenye friji siku mbili, ya nanasi lililochemshwa inaganda, kwa sababu moto unakiua kimeng'enya. Papai bichi lina ndugu yake, papaini, ndiyo maana watu wanalainishia nyama. Kwa biashara yako: maziwa yaingie mteja akiwa amesimama mbele yako, au chemsha nanasi kwanza.

Na jingine kabla sijaondoka, la stafeli. Mbegu zake zina sumu, msizisage. Nimeona watu wanalitupa zima kwenye blenda. Stafeli linapekechwa kwa mkono juu ya chujio, mbegu zinabaki juu. Pole pole, hakuna njia ya mkato.

Shemeji wa Muscat

Wa nyumbani, hamjambo. Huku Oman kuna komamanga za Jabal Akhdar, Septemba zikiingia sokoni nyumba nzima inakuwa nyekundu. Kuna kidude wanauza, bakuli lenye wavu wa mpira, unaweka nusu komamanga juu unaligonga kwa kijiko, punje zinadondoka. Nilikinunua. Kinafanya kazi, na ukuta wa jikoni ulifanya kazi pia, maana ule wekundu hautoki kwenye rangi nyeupe. Mama mkwe alinitazama kwa huruma, akalipasua komamanga ndani ya beseni la maji, akalichambua humo humo chini ya maji. Punje zikazama, utando mweupe ukaelea, akauondoa kwa mkono. Hakuna tone lililoruka.

Kidude nimempelekea jirani, zawadi.

Bwana Mdogo

Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Mama Kopo

Kwa kisu ulikuwa sahihi. Kwa kimenyeo cha papai bado. Njoo saa tisa usiku nikupe mapapai manne na kisu chako cha nusu.

Hawa Mbezi

Samahani nadandia. Je, ni kweli parachichi ukiacha kokwa ndani haligeuki jeusi? Na kwa nini matunda yangu yananuka kitunguu?

Mpishi wa Zamu

La kokwa ni imani. Pale kokwa lilipokaa panabaki kijani kwa sababu hewa haijafika, kwingine kote panageuka. Kamulia ndimu, halafu lalisha nailoni igusane na nyama yenyewe, isielee juu.

La kitunguu ni ubao wa kukatia. Mbao inanywa. Ulikata kitunguu swaumu jana, ukausuuza, leo unaukatia papai. Papai ndilo shahidi mbaya kuliko yote, linachukua harufu ndani ya dakika. Ubao wa matunda uwe peke yake, uutie alama. Wangu nilichoma tobo kwenye kona kwa msumari wa moto ili hata aliyelala asikosee.

Hawa Mbezi

Nimenusa ubao wangu. Umenikumbusha pilau ya mwezi uliopita.

Kaka wa Kongowea

Mama Kopo, yale maganda ya nanasi sita unayatupa?

Mama Kopo

Astaghfirullah, nani atupe. Nayasugua kwa brashi kabla ya kumenya, nayachemsha na tangawizi na mdalasini, nachuja, yanakuwa juisi ya nyumbani. Wanangu hawajui nanasi lina kitu kingine zaidi ya maganda.

Mama Kopo

*(wiki tatu baadaye)*

Wakuu narudi na mrejesho wa machungwa.

Fundi Mota na mwenzake wamechonga. Mkono wa kuzungushia ni pedeli ya baiskeli, mhimili ni nondo iliyotiwa uzi wa parafujo ili kisu kisogee chenyewe, na kisu ni cha kimenyeo kilekile cha Y, wamekikata shingo. Miiba ya kubania chungwa walichonga mirefu mno mwanzoni, chungwa likawa linavuja kabla halijamenywa, ikabidi wapunguze. Tumeifunga kwenye meza kwa boliti mbili.

Siku ya kwanza niliharibu machungwa kumi na moja. Springi ilikuwa kali kama alivyosema Bint Mkunazini, kisu kinachimba mfereji, maji yanamwagika kwenye kanga. Tukaondoa springi tukafunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Weee! Mpira unakubaliana na mabonde ya chungwa, pakiinuka unainuka, pakishuka unashuka. Ganda linatoka moja refu, jembamba hadi unaona mwanga upande wa pili. Naisikia hadi sasa: krrr, krrr, tap, limedondoka. Machungwa arobaini nimemaliza kabla adhana ya alfajiri haijaisha. Chungwa kubwa sana bado linagoma, na la ngozi nene kisu kinapita mara mbili.

Fundi, tyubu imeanza kulainika kwa yale mafuta ya ganda, naomba nyingine ya akiba.

Fundi Mota

Jumamosi naleta mita nzima. Na usiiweke mafuta ya kula kwenye mhimili, yanaganda. Ipake grisi kidogo kule nyuma mbali na chungwa.

Bint Mkunazini

Hongera mwenzangu. Sasa jifunze kumenya huku unamwangalia mteja usoni.

Kisu Butu

Picha ya embe sikuiona hadi leo. Ila kile kigawa embe bado kipo? Mama yangu mdogo ana mwembe unaozaa maembe madogo ya mviringo.

Mama Kopo

Kipo, mpini mmoja. Bure. Bodaboda juu yako.